Mlima wa Kina Paulina

Nianze kwa kusema Paulina si bubu. Siku hizi wapo watu mjini Juneau wanaomwona amekaa kimya wakadhani alizaliwa hivyo, na mimi nikisikia hivyo napandwa na hasira. Mtoto wa kaka yangu ana mdomo, nyie! Alipokuwa kwenye kiwanda cha samaki alimsema msimamizi mpaka msimamizi akaomba maji ya kunywa. Injini ya boti anaitengeneza huku anaitukana, na injini inasikia. Aliolewa na kijana mmoja wa Sitka, mzuri wa sura, mvivu wa mikono, akakaa naye muda akamrudisha kwao na salamu juu. Watu walipomuuliza kulikoni, alisema, "Nimemchoka. Hata kumenya kaa hajui."

Huyo ndiye Paulina. Anaongea juu ya kila kitu. Ila tangu mama yake afariki, kuna kitu kimoja alichokifungia kinywani, nacho ni hadithi ya mlima.

Sasa ngoja niliweke hili sawa, maana wageni hulikosea kila siku. Kwetu sisi Watlingiti, huku pwani ya Alaska, mtoto ni wa upande wa mama yake. Wifi yangu Ernestine, mama yake Paulina, alikuwa wa upande wa Kunguru, basi Paulina ni Kunguru. Mimi na kaka yangu Wendell ni Tai. Tai anaoa Kunguru, Kunguru anaoa Tai, na pande hizi mbili ni watani: wao wakifiwa tunazika sisi, sisi tukifiwa wanazika wao. Na kila ukoo una mali yake. Sisemi boti na nyavu. Nasema nyimbo, majina, na hadithi. Hadithi ya watu huisimulii bila ruhusa yao, hata kama umeisikia mezani mpaka umeota mvi. Ukiisimulia umeiba, huna tofauti na aliyevunja ghala.

Ule mlima ulioko mwisho wa ghuba, wenye bega moja limebomoka, hadithi yake ni ya nyumba ya kina Ernestine. Inashuka kwa wanawake wao, mama kwa binti. Ernestine aliipokea kwa mama yake, akamfundisha Paulina, na alikuwa mwalimu mkali. Paulina akiruka neno anarudishwa mwanzo. Nimewasikia mara nyingi kwenye banda la kukaushia samaki, mmoja anasema, mwingine anagonga ubao na kisu: "Rudia. Hakukaa, alichuchumaa. Rudia!"

Wifi yangu alifariki vuli iliyopita. Tulimzika sisi Tai, kama inavyotakiwa. Mwezi wa kumi mwaka huu Kunguru watafanya karamu ya kuanua tanga, watualike, watulishe, watushukuru. Na kwenye karamu hiyo lazima mwenye nyumba, yaani mkuu wa ukoo, asimame aiseme hadithi ya nyumba yake mbele yetu, sisi watani, tuwe mashahidi kwamba bado ina mwenyewe. Mjomba wake Paulina, mzee Clarence, amebaki peke yake katika kizazi kile, na kiharusi kimemlaza. Alituma neno kutoka huko wanakomuuguza: "Paulina akisimama, vizuri. Asiposimama, hadithi izikwe pamoja na Ernestine, tusiisikie tena."

Nilimuuliza Paulina mwenyewe, tukiwa tunapasua samaki. Nikamwambia mwanangu, utasimama? Akaendelea kupasua. Nikauliza tena. Akasema, "Shangazi, nikiisema mimi, ndiyo mama amekufa kweli."

Nilipasua samaki wangu.

Basi ndivyo tulivyoingia majira ya joto. Kaka yangu ana boti ya kupeleka wageni kwenye ghuba. Wendell anaendesha, Paulina anaangalia injini na kupika, mimi nakaanga maandazi na kuwazuia watu wasitumbukie majini. Zamani Ernestine alikuwa wa nne. Tulikuwa tunashusha wageni ufukweni chini ya mlima, na wakiwa wanakula, Ernestine anasimama mbele ya moto anasimulia. Watu walikuwa wanasahau sahani zao. Majira haya tunashuka palepale, kwa sababu ndipo pwani tambarare ilipo, wageni wanakula, mlima umetuinamia, na hakuna anayesema neno. Wakiuliza, kaka yangu anajibu, "Mwenyewe hayupo," halafu anajifanya anakagua kamba.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa saba. Tulikuwa na kundi dogo. Kulikuwa na familia moja yenye vijana wanaopiga picha hata ndoo, na bibi mmoja mwembamba mwenye kofia nyekundu, Marjorie, aliyekuja peke yake. Alipopanda tu boti alinishika mkono akasema, "Mimi nilishakuja. Miaka mingi iliyopita. Na mume wangu." Kisha akatazama huku na huku, mpaka nikajua anamtafuta nani. Sikumwambia. Nilimpa koti la mvua.

Asubuhi ilikuwa njema. Tulipita kwenye boya, simba bahari wamelala juu yake wamebanana, wananuka uvundo, wanagombana kama mashemeji kwenye mirathi. Vijana wale wakacheka mpaka wakakohoa. Mbele kidogo nyangumi wakatoka, mama na mtoto, wakapumua karibu yetu, na pumzi ya nyangumi si marashi. Kijana mmoja akaziba pua.

"Usizibe," Paulina akamwambia. "Na yeye anaisikia yako."

Tukaenda hadi kwenye ukuta wa barafu. Wendell akazima injini, tukakaa kimya tukisikiliza ile barafu inavyolia ndani kwa ndani kabla haijakatika. Kipande kikubwa kilipoanguka, wageni walipiga kelele, boti ikacheza. Paulina akavua bonge la barafu kwa wavu, akalipasua kwa nyundo, akawatilia kwenye vikombe vya juisi. Akawaambia ni barafu ya kale kuliko Biblia. Baba wa wale vijana akamuuliza ana uhakika gani. Akasema, "Ionje."

Unaona? Alikuwa mzima kabisa. Anatania, anacheka. Tulipoigeuza boti kuelekea ufukweni, chini ya mlima, nikamwona anavyojifunga. Kila safari ilikuwa hivyohivyo. Akainama kwenye sanduku la vyombo, hakuinua uso tena.

Ufukweni tuliwasha moto. Paulina alipasua samoni, akawabana kwenye vijiti, akawachomeka mchangani waelekee moto, mafuta yakaanza kudondoka. Kaa wakachemka kwenye maji ya bahari yenyewe. Nilikuwa na wali wenye mwani mkavu na maandazi ya moto. Sitajisifu, ila yule baba aliuliza maswali mengi juu ya maandazi yangu kuliko juu ya barafu.

Kabla mtu hajaonja, Paulina alikata kipande kizuri cha tumboni, akakipaka mafuta ya sili, akakiweka motoni. Marjorie akaruka.

"Mwanangu! Samaki amedondoka!"

"Hajadondoka," Paulina akasema.

"Lakini anaungua."

"Ndivyo wafu wanavyokula. Ni wa mama."

Marjorie akavua kofia yake nyekundu akaiweka magotini. "Yule mama aliyekuwa anasimulia ni mama yako?" akauliza. "Alisimama hapohapo ulipo wewe. Mume wangu alikuwa hasikii vizuri, mama yako akasogea, akamsemea karibu na sikio, maneno mengine aliyarudia kwa ajili yake." Macho yakamjaa maji. "Mume wangu hayupo tena. Mimi nimesahau katikati ya ile hadithi. Nakumbuka mwanzo na mwisho. Katikati yeye ndiye alikuwa ananikumbusha. Nimekuja kwa ajili hiyo tu, ukweli ni huo."

Wote tulimtazama Paulina. Hata wale vijana waliacha kupiga picha.

Paulina aligeuza samaki. Akamgeuza tena. Kisha akasema taratibu, bila ubaya, "Samahani mama. Haipo tena." Akachukua ndoo akaenda kando kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa visafi.

Jamani. Nina miaka mingi duniani na nimezika watu wengi, lakini lile neno, haipo tena, lilinichoma. Haipo! Hadithi iliyokuwepo kabla ya babu zetu, iliyopita kwenye njaa na ndui na shule za wazungu waliowachapa watoto kwa kusema lugha yao, leo iishie kwenye ndoo ya vyombo? Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa anakagua kamba, mjinga yule. Damu ikanipanda kichwani. Nikajifuta unga mikononi, nikasimama mbele ya moto.

"Nitasimulia mimi," nikasema.

Wendell akaachia kamba. "Bernice! Umerogwa?"

"Kaa kimya, Wendell."

"Si yetu ile! Unajua si yetu!"

"Najua. Kaa kimya." Nikawageukia wageni. "Hapo kale," nikasema kwa sauti kubwa, ya kufika kwenye ndoo, "palikuwa na dada watatu."

Nimwambie msomaji sasa hivi: hadithi ya kweli sitaisimulia hapa, si yangu. Hii niliyoitoa mimi naweza kuisimulia, kwa sababu ni uongo wangu mwenyewe kuanzia kichwani hadi mkiani. Hakuna dada watatu katika hadithi ile.

Ndoo ikagonga mawe. Paulina hakugeuka.

"Dada watatu," nikasema, "wazuri kupindukia, na wote walikuwa wanapendwa na dubu."

"Dubu?" Marjorie akauliza, uso umemkunjamana. "Nadhani hapakuwa na dubu."

"Alikuwepo," nikasema. "Dubu mkubwa, mpiga ngoma."

Kijana mmoja akacheka. Na mimi nikaanza kunogewa, sitaficha. Nikampa yule dubu kofia. Nikawapandisha dada watatu mlimani, mmoja nikamfanya ana mguu mbovu. Kaka yangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Marjorie anatikisa kichwa polepole, na kumbukumbu yake maskini inagombana nami kwa heshima. Mimi namwangalia Paulina kwa jicho la pembeni. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni.

"Basi yule dada mdogo akafika pale begani, akachoka, akakaa chini..."

"Hakukaa!"

Ndoo ilianguka. Paulina alikuwa amesimama, maji yanamtiririka kwenye buti.

"Hakukaa, shangazi! Alichuchumaa! Mtu anayekaa ameshakata tamaa, yeye hakukata tamaa!"

"Ah, kukaa, kuchuchumaa..."

"Hapana! Na hakuna dubu! Hata huyu mama aliyeisikia mara moja anajua hakuna dubu! Dubu ametoka wapi? Mwenye kofia! Umekunywa?"

"Basi dada watatu..."

"Alikuwa mmoja! Mmoja, peke yake, na hakuwa dada wa mtu, alikuwa mama, na alikuwa..." Akakatiza hapo. Akamwona Marjorie, aliyeinama mbele kashika kofia yake kwa mikono yote. Akatazama motoni, kile kipande cha samaki kilikuwa kimeshaliwa chote na moto.

Nikakaa chini. Nilijua nimemaliza kazi yangu.

Alianza akiwa bado na hasira, kwa hiyo mwanzo wake ulitoka haraka, maneno yanasukumana. Kisha akapunguza. Akafika mahali ambapo Ernestine alikuwa anamrudisha kila mara, nikaona mkono wake unajigonga pajani, pa, pa, anajirudisha mwenyewe, akairudia sentensi ikakaa sawa. Sauti haikuwa ya mama yake. Ernestine alikuwa na sauti laini. Ya Paulina ina mikwaruzo, ni ya mtu aliyeshindana na injini maisha yake yote. Lakini maneno yalikuwa yaleyale, kila moja mahali pake. Alipofika katikati, aliondoka pale motoni akaenda akachuchumaa mbele ya Marjorie, akaisema ile katikati yote kwake, polepole, na maneno mengine aliyarudia.

Marjorie alilia bila kujificha. Mimi pia. Wendell alikuwa ametupa mgongo anatazama maji, na kaka yangu hajawahi kuyatazama maji kwa muda mrefu namna ile bila wavu.

Hadithi ilipoisha hakuna aliyepiga makofi, na nilifurahi. Yule kijana wa kuziba pua alitazama mlima, akatazama lile bega lililobomoka, akasema, "Kumbe." Basi. Paulina akafuta pua kwa mkono wa koti, akasema samaki wanaungua, tule. Tukala. Marjorie alikula kaa wawili na kuniomba maandazi ya njiani.

Tulipokuwa tunarudi, wageni walijikunyata ndani, wengine wakasinzia. Mimi nilikaa nyuma ya boti kwenye sanduku la makoti. Paulina alitoka kwenye chumba cha injini, akasimama mbele yangu. Uso haukuwa na utani.

"Shangazi."

"Naam."

"Umeiba."

"Nimeiba," nikasema.

"Ulikosea makusudi?"

"Makusudi, bahati mbaya, mwizi ni mwizi. Niliinuka nikasema nitasimulia cha watu, mbele ya mashahidi. Maji yameshamwagika."

"Na ukamvalisha dubu kofia."

"Hilo nalo."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Utalipa," akasema. "Kwenye karamu, mwezi wa kumi. Utasimama mbele ya pande zote mbili, useme hadithi ni ya nani, na utatoa fidia."

Ndani nilifurahi. Lakini mtani ni mtani, siwezi kutozwa bila kugomba. "Fidia gani? Mimi mjane maskini."

"Mafuta ya sili uliyoyeyusha mwaka huu."

"Nitakupa dumu moja."

"Yote."

"Paulina! Yote? Nitakula nini majira ya baridi?"

"Kula hadithi. Si unazo nyingi?"

Wendell, kwenye usukani, alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Nikamwacha. Nilikuwa bado na swali moja, na jibu lake ndilo nililokuwa nalitafuta muda wote, tangu siku tuliyomfukia wifi yangu. Niliogopa kuliuliza. Nikaliuliza.

"Sawa, nitalipa. Lakini fidia haitupwi hewani, unajua. Lazima mwenye nyumba asimame kwanza, aisimulie hadithi yenyewe mbele yetu sisi Tai, watu wote wajue kilichoibwa ni nini. Ndipo apokee. Mjomba wako hawezi kusimama. Mama yako hayupo. Sasa mafuta yangu nimpe nani?"

Paulina alitazama nyuma, kule ghuba inakoishia, mlima ukiwa bado unaonekana.

"Utanipa mimi," akasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba."

Kwetu mwenye nyumba akijitaja, mtani hamsikilizi akiwa amekaa. Boti ilikuwa inapiga mawimbi, magoti yangu hayapendi mawimbi, lakini nilijishika kwenye ukingo nikainuka, nikasimama mbele ya mtoto niliyemfunga nepi.

"Kaa chini, shangazi," Paulina akasema. "Utatumbukia."

Nikakaa. Mwenye nyumba alikuwa ameshasema.